Mnyamwezi wa Mtaa wa Nyamwezi Atua Mzigo

Tarehe 30 Juni 1981, baada ya utumishi wa miaka ishirini na saba, Ndugu Selina Kashindye, Ofisa Mwandamizi wa Ustawi wa Jamii katika ofisi yetu ya Kariakoo, anastaafu kwa mujibu wa sheria. Anaondoka na mwavuli mweusi ambao umewahi kutumika kama fimbo, kiti na kizuizi cha mlango, na anaondoka na shahada ya udaktari ambayo wino wake haujakauka. Shahada hiyo nusura aikose. Jarida letu linaeleza hapa jinsi alivyoipata, kwa sababu anayetaka kujua Ndugu Selina alikuwa mfanyakazi wa namna gani hahitaji kujua zaidi ya hayo.

Ndugu Selina alizaliwa Tabora, binti wa mkulima wa tumbaku, Bibi Nyamizi. Aliajiriwa Dar es Salaam mwaka 1954 kama msaidizi wa ustawi, wakati serikali ya kikoloni ilipoamini kwamba ustawi wa Mwafrika ni mpira kwa wanaume na kufuma vitambaa kwa wanawake. Alifundisha kufuma. Wanaokumbuka wanakiri kwamba vitambaa vya darasa lake vilikuwa vibovu kuliko vyote mjini, na kwamba hakuna mwanamke aliyetaka kuhamia darasa jingine, maana katika darasa la Selina mtu alikuwa anafuma kidogo na kusema mengi. Bwana mkubwa wa wakati huo alimkaripia kwa ajili ya maongezi hayo. Hakujua kwamba alikuwa anamkaripia mtu kwa kufanya kazi yake.

Baada ya Uhuru alisoma shahada ya kwanza Mlimani akiwa na watoto wawili, akapata ya pili ng'ambo, akarudi. Hilo neno la mwisho lisipitwe haraka. Wangapi walikwenda na hawakurudi? Wangapi walirudi na kuomba ofisi yenye zulia? Yeye aliomba Kariakoo, Ilala na Buguruni, na chumba cha ofisi katika Mtaa wa Nyamwezi, na tangu siku ya kwanza majirani Wazaramo walimwambia kwamba mtaa huo waliupa jina la kabila lake kwa sababu babu zake walifika hapo na mizigo ya wengine wakashindwa kunyanyuka. Alicheka, akawaambia kwamba babu zake walikaa ili wawafundishe Wazaramo kuamka asubuhi.

Kazi aliyoichagua ni kukaa na watu waliovunjika: mjane asiyekula, baba aliyeacha kusema, kijana aliyerudi kutoka vitani na kulala chini ya kitanda. Vitabu vya ng'ambo vinaiita kazi ya ustawi ya kitiba. Huko, mshauri hukaa na mgonjwa wake ndani ya chumba kilichofungwa, akamuuliza anajisikiaje, na saa ikiisha akamwonyesha mlango na bei. Tuseme wazi: faraja inayouzwa kwa saa ni bidhaa, na taifa linalojenga ujamaa haliwezi kuwaponya watu wake kwa utaratibu wa duka. Lakini Ndugu Selina hakuwa mtu wa kutosheka na hotuba kama hizi, hata zilipotoka kwetu wanafunzi tunaokuja ofisini kwake kila mwaka kwa mazoezi ya kazi. Alikuwa akisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sawa, kijana wangu. Mama yule pale nje amefiwa. Unaanza na aya ipi?"

Alituonyesha kwamba swali la vitabu halifanyi kazi hapa. Mtu wa Dar akiulizwa habari zake hujibu nzuri, hata kama nyumba inaungua nyuma yake. Akiulizwa habari za msiba hujibu salama. Huo si uongo, ni adabu, na mshauri anayeandika "mteja hajambo" baada ya adabu hiyo amejidanganya mwenyewe. Ndugu Selina alikuwa akingoja. Mtu husema nzuri, hunyamaza, halafu husema "ila." Kwa neno hilo aliweza kungoja muda ambao sisi tungemaliza kikombe cha chai na mkutano mmoja.

Mwaka 1977 alijiandikisha katika chuo kimoja cha ng'ambo kwa shahada ya udaktari ya utendaji. Masomo hayo hayamfungii mtu maktabani. Mwanafunzi anaendelea na kazi yake, anaichunguza, anaiandika, na mwishoni mtahini anasafiri kuja kuitazama ikifanyika. Sharti kubwa ni moja: awe mtumishi mpaka siku ya mtihani. Akistaafu kabla, usajili unafutwa na miaka yote imekwenda bure. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Tarehe ya kustaafu ilijulikana, na haikuwa na huruma.

Mama yake, ambaye wakati huo alikuwa amehamia kwake Ilala na kopo lake la ugoro, hakuupenda mpango huo. Kila jioni alikaa mlangoni na kumwita: "Selina we, umekula? Au leo tena unakula makaratasi?" Na Selina, bila kuinua kichwa, alijibu siku zote kwa maneno yaleyale: "Nakuja, mama, namalizia ukurasa." Ukweli ni kwamba kurasa zenyewe hazikuwa na kitu. Kwa muda wa miaka miwili tasnifu ilikuwa na kichwa kizuri na tumbo tupu.

Iliyoijaza ni karakana ya seremala Mwinyimvua, Mzaramo wa Buguruni. Mwanawe wa pekee alikuwa askari, na hakurudi kutoka vita vya Kagera. Mwinyimvua aliacha kazi, akaacha kusema. Alikwenda karakana kila asubuhi na kukaa kando ya kitanda alichokuwa hajakimaliza. Maofisa wetu wawili walimtembelea kwa zamu. Walimuuliza anajisikiaje. Aliinamisha kichwa kwa heshima, maana yake nashukuru, na wakarudi na taarifa nzuri.

Kisha akaenda Ndugu Selina. Aliingia bila hodi, akakalia kitanda kile, akafungua mwavuli ndani ya nyumba. "Mzaramo," alisema, "nimekuja kupimwa jeneza. Nasikia hutengenezi kitu siku hizi, nikasema niwahi kabla mbao hazijaisha zote kwa kupashia ngoma moto." Mke wa Mwinyimvua, aliyekuwa mlangoni, anasimulia kwamba aliona sasa watu watauana. Mwinyimvua aliinuka. Akachukua futikamba, akampima utosini hadi unyayoni, akapiga alama ukutani kwa penseli, akatafakari, akapiga alama nyingine juu yake. "Nitaongeza futi moja," alisema. "Mnyamwezi hazikwi bila mzigo wake kichwani." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu habari za mwanawe. Baada ya hapo alikaa chini akalia, na Ndugu Selina akafunga mwavuli na kukaa naye.

Haukuwa muujiza. Alirudi huko kila wiki kwa miezi mingi, na ziko wiki alizofukuzwa. Lakini alirudi ofisini siku ile akiwa na tasnifu.

Kila msomaji wa jarida hili anajua utani wa makabila yetu: ruhusa ya kutukanana na wajibu wa kuzikana. Mtani ndiye anayeingia kwenye msiba akamwiga marehemu, akaficha jembe la kaburi, akachekesha watu wasiotaka kucheka mpaka kilichokwama kooni kitoke. Tunalijua hilo kama tunavyojua jua linachomoza, yaani hatujawahi kulifikiria. Ndugu Selina alilifikiria. Aliona kwamba mtu anapohamia mjini huja na huzuni zake zote, na watani wake anawaacha nyumbani. Mtu wa Songea anafiwa katika chumba cha kupanga Buguruni, anajifungia, na Msukuma ambaye angemtoa ndani kwa matusi ya jadi anauza mkaa nyumba ya nne bila habari. Hitimisho lake lilikuwa jepesi kulieleza na gumu kulitenda: ofisa si lazima awe mtani wa mteja, ila ni lazima ajue mtani wa mteja anakaa wapi, na amlete.

Wapo waliopinga, na walipinga kwa hoja nzito. Je, huo si ukabila unaorudi kwa mlango wa nyuma katika nchi iliyoapa kuuzika? Je, taifa moja la wakulima na wafanyakazi linahitaji kujua nani ni Mngoni na nani ni Mhehe? Swali hili lilibishaniwa tena na tena katika ukumbi wetu wa mikutano, na kwa sauti za juu. Jibu la Ndugu Selina linastahili kuandikwa kwa herufi kubwa katika kila chuo. Ukabila, alisema, ni pale ninapokataa kukuzika kwa sababu si wa kwetu. Utani ni pale ambapo siwezi kuzikwa vizuri bila wewe usiye wa kwetu. Babu zetu walipigana, kisha wakakubaliana kwamba wajukuu wao watatukanana makaburini badala ya kuchomana mikuki. Kama huo si ujenzi wa taifa, basi hatujui tunajenga nini.

Wala hakujipendelea katika maandishi yake. Sura ya kwanza kabisa ya tasnifu ni ya kushindwa. Alimtafutia Bibi Sitara, mjane wa ukoo wa zamani wa pwani, watani wanne wenye sifa, akawapeleka kwake mtaani Gerezani asubuhi kwa shangwe. Wote wanne walikuwa wanaume, na mjane alikuwa ndani ya eda. Shangazi wa marehemu aliwapokea kwa ndoo ya maji, na Ndugu Selina, aliyekuwa mbele, ndiye aliyepata sehemu kubwa. Ofisa mwingine angelisahau tukio hilo. Yeye alirudi baada ya wiki kuomba radhi, akagundua kwamba mtani aliyekuwa akitafutwa alikuwa ndani ya nyumba ileile: wifi yake Sitara, mwenye ulimi kama wembe, ambaye watu walikuwa wamemnyamazisha kwa sababu ya heshima ya msiba. Aliomba wanawake wa nyumba wamruhusu wifi aseme. Siku ya tatu Bibi Sitara alikula.

Mwaka huu, kwa utepe wa taipureta uliochakaa na karatasi zilizopatikana kwa kuomba, mpigachapa wetu Ndugu Candida alimaliza kuipiga tasnifu. Mtahini, Profesa Dahl, aliwasili katikati ya Juni kwa wiki moja tu. Ni mwanamke mrefu, mkimya, aliyewahi kufundisha Moshi na anayeelewa Kiswahili cha polepole. Ratiba ilikuwa rahisi: Jumatano ashuhudie Ndugu Selina akifanya kazi na familia moja ya Ilala iliyokubali, Ijumaa mtihani wa mdomo, Jumamosi ndege. Baada ya hapo palibaki siku chache za Juni, na baada ya Juni hapakubaki kitu.

Jumanne alfajiri Bibi Nyamizi alifariki dunia.

Kazi ya Jumatano ilifutwa. Mkuu wa ofisi yetu, Ndugu Ignasi Haule, alikuwa tayari kupeleka simu ya maandishi ng'ambo kuomba tarehe nyingine, lakini wote tulijua kwamba Profesa hana wiki nyingine na Ndugu Selina hana mwezi mwingine. Yeye mwenyewe hakutaja mtihani. Alipanga viti, aliuliza nani hajapata chai, aliwapokea wageni mlangoni. Habari za msiba? Salama. Watu walisema, mtazame, ni jasiri kweli. Sisi tuliofanya kazi naye tuliogopa. Tuliisubiri "ila" yake Jumanne nzima, na haikuja.

Asubuhi ya Jumatano Profesa Dahl alifika Ilala kutoa pole, akakaa kwenye mkeka karibu na Ndugu Ignasi. Alikuwa bado hajakaa vizuri mkokoteni ulipoingia uani na jeneza, na Mwinyimvua, ambaye siku hizi alikuwa ameizoea nyumba hiyo na mzee wake, nyuma yake. Vijana walilibeba hadi mlangoni. Halikuingia.

"Fundi, limezidi," alisema mmoja.

"Halijazidi," alijibu Mwinyimvua. "Hili ni la Mnyamwezi. Mzigo utakaa wapi, juu ya kifua?"

Uani kicheko cha kwanza kilitoka, kikajaribu kujificha, kikashindwa. Mwinyimvua aliichukua kanga ya marehemu iliyokuwa juu ya kamba, akajifunga kiunoni, akadai kopo la ugoro, akapewa. Akaketi kizingitini, miguu imenyooshwa, akawazuia wote, akapiga chafya kama alivyokuwa akipiga Bibi Nyamizi, mara tatu na lalamiko moja.

Profesa alimwinamia Ndugu Ignasi na kumuuliza kwa nini hawamwondoi mwendawazimu yule. "Profesa," alijibu Ndugu Ignasi, ambaye ni Mngoni na mtani wa Wanyamwezi kwa haki yake, "huyo ndiye daktari wa zamu. Mimi mwenyewe nasubiri zamu yangu."

Kisha Mwinyimvua akaita kwa sauti ya mzee aliyelala ndani. "Selina we. Selina. Umekula? Au leo tena unakula makaratasi? Udaktari gani huo, hata sindano hujui kuchoma."

Ndugu Selina alikuwa anapita na sinia la vikombe. Hakugeuka. Alijibu kama alivyojibu kila jioni: "Nakuja, mama, namalizia ukurasa."

Ndipo akasikia alichokisema. Aliliweka sinia chini taratibu, akakaa pale pale kwenye vumbi, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio ambacho tulikuwa tumekingoja tangu jana yake. Mwinyimvua hakuondoka mlangoni mpaka Ndugu Selina alipolia vya kutosha. Alipoondoka, jeneza liliinamishwa upande, likaingia bila shida.

Ijumaa Ndugu Selina alikuja ofisini akiwa amevimba macho, akaketi mbele ya mtahini. Profesa alianza na swali gumu kuliko yote, na alilisema kwa haki. Jumatano aliiona kazi iliyoandikwa katika tasnifu, na hana shaka nayo. Lakini aliyeifanya ni seremala. Kwa nini shahada apewe mwingine?

Ndugu Selina alimwambia kwamba Jumanne, kabla ya saa sita, Ndugu Ignasi alikuwa ameshapata jeneza jema hapa Kariakoo, la karibu na la bei rahisi, na kwamba yeye alilikataa. Alijitazama kama angemtazama mteja. Aliona mwanamke anayepanga viti. Akajiuliza mtani wa mwanamke huyu anakaa wapi, akamtuma mtu Buguruni. "Sikujua kama itanifaa," alisema. "Nilijua tu nimlete nani."

Na kama asingekuja? aliuliza Profesa.

"Leo ningekujibu vizuri zaidi," alisema Ndugu Selina, "na ningeumwa mwaka mzima."

Profesa Dahl alifunga kalamu yake. Mtahiniwa alifaulu, kwa sharti moja: Jumatano iandikwe, iwe sura ya mwisho. Ndugu Selina alisema hawezi kuahidi kabla ya kuomba ruhusa, kwa sababu hakuna mtu aliyetajwa katika tasnifu ile bila kukubali. Jioni hiyo hiyo alikwenda Buguruni. Mwinyimvua alikubali, naye akatoa sharti lake: iandikwe wazi, kwa lugha zote, kwamba hakukosea kipimo.

Imeandikwa. Candida ameipiga kwa mkono wake.

Wafanyakazi wa ofisi ya Kariakoo tunamshukuru Ndugu Selina kwa miaka hii. Tunamshukuru kwa dawati aliloligeuza lielekee ukutani ili asipate pa kujifichia. Tunamshukuru kwa kutufundisha kunyamaza, somo ambalo sisi wa Mlimani tulilipata kwa taabu kubwa. Na kwa wasomi wenzetu tunasema: msiwaambie tena wanafunzi kwamba elimu ya kuponya mioyo itafika kwa meli. Tayari imefika kwa mkokoteni, kutoka Buguruni, ikiwa imezidi futi moja.

Ndugu Ignasi, kwa haki ya Mngoni, ametuagiza tumalizie kwa niaba yake, na tunamtii. Mnyamwezi, umeng'ang'ania mno. Babu zako walitembea kutoka Tabora hadi pwani, wakatua, wakapumzika. Wewe ulifika mwaka 1954 na mpaka leo hujatua. Watu wetu wa Kariakoo, Ilala na Buguruni tumewapokea mikononi mwako, na hatutawauliza wanajisikiaje. Tua mzigo, Daktari. Nenda nyumbani, kula chakula kikiwa cha moto, na ukurasa uliobaki usiumalizie. Tunakutakia siku ndefu na njema, na kichwa kisicho na kitu juu yake isipokuwa mwavuli.

Wilbert Ngonyani
Mwanafunzi wa mazoezi ya kazi, mwaka wa tatu
Kwa niaba ya wafanyakazi